Kununua chupa za zamani za mvinyo wa Porto mnadani ukiwa Mwanza

Asubuhi pale Mwaloni, Kirumba, mnunuzi anayejua kazi yake haanzi na bei. Anafunua shavu la sangara atazame matamvua kama bado ni mekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole, ananusa, ndipo anauliza. Samaki ametoka Ukerewe au Kome, hilo linakuja baadaye. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua chupa za zamani za mvinyo wa Porto kwenye minada ya London nikiwa hapa hapa nyumbani, na ningependa kila anayetaka kuanza aanze na mkono ule ule wa Mwaloni. Jina la kampuni na mwaka wa mavuno vinaweza kuwa vya sifa kubwa, lakini unacholipia ni namna chupa hiyo ilivyotunzwa kwa miaka arobaini au sitini kabla haijakufikia.

Mimi nilianza kwa sababu ya kifamilia. Baba mkwe amezaliwa 1963, alikuwa anakaribia kutimiza miaka sitini, na mke wangu alitaka zawadi yenye umri sawa na baba yake. Vitu vya 1963 ambavyo mtu bado anaweza kuviweka mdomoni ni vichache sana duniani. Mvinyo wa Porto wa mwaka huo ni kimojawapo, tena ni katika mavuno yaliyosifiwa mno katika karne iliyopita.

Jua kwanza unatafuta mvinyo gani

Neno letu mvinyo lenyewe tulilipata kwa Wareno, kama meza, leso na bendera. Mvinyo wa Porto unatoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi tangu 1756. Zabibu zikiwa bado zinachachuka, na sukari yake haijaisha, wanazimiminia pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Chachu inakufa, utamu unabaki, na kinywaji kinaishia na kilevi cha asilimia 20 hivi. Utamu huo, kilevi hicho na ukakasi wa maganda ya zabibu ndivyo vinavyoupa mvinyo huu nguvu ya kuishi ndani ya chupa kuliko umri wa watu wengi.

Wanaponunua kwa mara ya kwanza, wengi huchanganya aina. Ile inayotafutwa mnadani ni ya mavuno ya mwaka mmoja tu, hukaa piponi miaka miwili au pungufu kidogo ya mitatu, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa. Inakomalia humo humo chupani na kuacha mashapo mazito. Kwenye lebo utasoma Vintage Port, mwaka, na jina la kampuni. Si kila mwaka unapata. Kampuni huonja, zikiridhika ndipo hutangaza mwaka huo, na hutokea kama mara tatu katika kila miaka kumi. Miaka iliyotangazwa na kampuni nyingi ni pamoja na 1945, 1955, 1963, 1966, 1970, 1977, 1985, 1994, 2000, 2003, 2007, 2011, 2016 na 2017.

Ukiona Late Bottled Vintage, huo ulikaa piponi miaka minne hadi sita, umeandaliwa kunywewa mapema, na bei yake ya mnadani haipaswi kukaribia ile ya kwanza. Ukiona Colheita, huo nao ni wa mavuno ya mwaka mmoja, ila ulikaa piponi miaka isiyopungua saba, mara nyingine hamsini, na rangi yake imekuwa ya asali ya nyuki wa miombo. Colheita haukomai tena baada ya kutiwa chupani, kwa hiyo tafuta kwenye lebo mwaka wa kutiwa chupa pia.

Colheita ni msaada mkubwa kwetu kwa sababu nyingine. Watu huniuliza kuhusu 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na 1964, mwaka wa Muungano. Miaka hiyo miwili haikutangazwa na kampuni nyingi, na mtu anaweza kuipekua minada hadi achoke. Kwenye Colheita ipo. Taylor's, kwa mfano, walitoa mvinyo wa mavuno ya 1964 mwaka 2014, baada ya kuulea piponi nusu karne. Mwenye kutafuta 1977, mwaka wa kuzaliwa CCM, ana kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa ulitangazwa na kampuni nyingi kubwa, ingawa Cockburn's hawakuwamo.

Kuhusu majina: Taylor's, Fonseca na Graham's hugombewa, na bei yao hupanda ipasavyo. Quinta do Noval wana mvinyo uitwao Nacional, wa shamba dogo la mizabibu isiyopandikizwa, na huo waachie matajiri. Kwa anayeanza, mimi humwelekeza kwa Warre's, Dow's, Croft au Sandeman wa mwaka mzuri. Chupa ya Warre's ya 1970 iliyotunzwa vizuri ina thamani kwangu kuliko Taylor's wa mwaka huo huo aliyekaa karibu na bomba la maji moto.

Kuisoma chupa

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Ukiwa Mwanza huwezi kuishika chupa, kwa hiyo utaisoma kupitia katalogi, picha, na maswali unayoandika kwa barua pepe. Mnada wowote wa maana hujibu maswali na kutuma picha za ziada ukiomba mapema. Omba wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia mnada.

Anza na kimo cha mvinyo, chupa ikiwa imesimama. Kizibo cha gome la mti hupitisha hewa taratibu, na mvinyo hupungua kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Mahali penye joto hupungua haraka. Kimo basi ni kama daftari la mahudhurio, kinakuonyesha chupa iliishije. Mvinyo ukiwa ndani ya shingo, ni salama kwa umri wowote. Ukiwa mwanzo wa shingo, ambapo katalogi huandika bn, bado ni vizuri sana kwa chupa ya miaka thelathini au arobaini. Ukiwa juu ya bega, ts, ninaukubali kwa chupa iliyozidi miaka hamsini, kwa bei ya kawaida na si zaidi. Ukishuka katikati ya bega, ms, hewa imeshaingia nyingi mno. Chini ya bega usiguse, hata ukipewa kwa bei ya soda.

Hili la katikati ya bega nililijua kwa kulilipia. Chupa yangu ya pili ilikuwa ya 1966, kampuni ya jina kubwa, bei chini kabisa ya makadirio, na katalogi ilisema wazi ms. Nikajiambia mwaka ni mwaka. Mpwa wangu anayesoma Uingereza ndiye aliyekwenda kuichukua, akanipigia akiwa mlangoni: "Mjomba, hii imeshuka mno, una uhakika?" Tuliifungua Pasaka. Ilitoa harufu ya siki na rangi ya kucha, na chini yake, mbali sana, ulisikia zabibu kavu ambazo zingekuwa za ajabu kama chupa ingetunzwa. Nilihuzunika kwa siku kadhaa, kwa sababu mtu fulani alichuma zabibu zile kwa mikono yake kwenye ngazi za mawe za Douro, na miaka yote ile iliharibiwa na chumba chenye joto.

Kinyume chake pia kitazame. Chupa ya 1945 yenye kimo cha juu kama ya jana inahitaji maelezo. Huenda iliwekewa kizibo kipya na kampuni yenyewe, jambo linalofanyika kwa halali na kuandikwa. Uliza nani aliiwekea, na lini.

Baada ya kimo, kizibo na kofia yake. Chupa nyingi za zamani zimefunikwa kwa kofia ya madini au kwa nta. Tafuta michirizi ya kunata inayoshuka kutoka kwenye kofia, kwani hiyo ni sukari ya mvinyo uliovuja. Alama ndogo kavu ya zamani hainisumbui kama kimo ni kizuri. Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa kinasumbua, maana kimesukumwa na joto. Kilichozama ndani kinasumbua vilevile.

Kisha rangi. Omba picha iliyopigwa na tochi nyuma ya shingo. Glasi ya chupa hizi ni nyeusi, lakini shingoni mwanga hupita. Mvinyo wa miaka sitini haupaswi kuwa mweusi. Utegemee wekundu uliofifia, unaoelekea rangi ya tofali, lakini uwe na uangavu. Ukiwa kahawia na mawingu kama maji ya ziwa baada ya mvua kubwa, uache.

Lebo ndiyo inayowatisha wageni bila sababu. Chupa nyingi za zamani za mvinyo huu hazina lebo kabisa, au zimebaki na kipande kilicholiwa na unyevu. Zilikuwa zinalazwa kwenye maghala zikiwa na doa la chokaa nyeupe upande mmoja, ili mtu ajue upande uliokuwa juu na asivuruge mashapo. Doa hilo ni jambo jema, na utalitumia baadaye. Lebo ikikosekana, utambulisho uko sehemu mbili: maandishi yaliyogandamizwa kwenye kofia, na muhuri wa jina na mwaka uliochomwa ubavuni mwa kizibo, ambao mara nyingi husomeka kupitia glasi ya shingo ukimulika tochi. Katalogi nzuri itaeleza kwamba chupa imetambuliwa kwa kizibo. Isipoeleza, uliza, na usipopata jibu endelea na loti nyingine, yaani fungu jingine la chupa linalouzwa kwa pamoja.

Usitafute ule ukanda wa karatasi wa dhamana wa Ureno shingoni mwa kila chupa ya zamani. Hadi mavuno ya 1970, sehemu kubwa ya mvinyo huu ilisafirishwa ndani ya mapipa hadi Uingereza na kutiwa chupani na wafanyabiashara wa London, Bristol na kwingineko, kwa hiyo chupa hizo hazina ukanda huo na hakuna kosa. Kuna jambo jingine linalofuata hapo, na ni la kupendeza. Mvinyo mmoja, kampuni moja, mwaka mmoja, unaweza kuwa tofauti kwa sababu mikono iliyoutia chupani ni tofauti. Jina la aliyeutia chupa likiwapo kwenye katalogi, liandike kwenye daftari lako. Baada ya miaka michache utajua unaowaamini.

Swali la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni hili: chupa ilikaa wapi? Jibu bora ni ghala la kitaalamu tangu iliponunuliwa ikiwa changa, na sanduku lake la mbao lipo. Jibu la pili kwa uzuri ni chumba cha chini ya nyumba moja, familia moja, haikuhamahama. Jibu linalosema tu "mali ya bwana mmoja" halijajibu.

Kuhusu bidhaa bandia, kesi iliyotikisa soko ilikuwa ya Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa miaka 10 jela nchini Marekani mwaka 2014, nayo ilihusu zaidi mvinyo ghali wa Burgundy na Bordeaux. Mvinyo wa Porto haujawavutia waghushi kiasi hicho kwa kuwa bei yake ni ya chini. Tahadhari ya kawaida, pamoja na kununua kwa wenye jina la kulinda, inatosha.

Kujisajili na kupiga hesabu kabla ya nyundo

Christie's, ambao James Christie alifanya mnada wake wa kwanza London mwaka 1766, Sotheby's na Bonhams wote huuza mvinyo wa zamani, na wapo wadogo wengi wanaouza kwa intaneti peke yake. Kujisajili kunahitaji nakala ya pasipoti na uthibitisho wa anwani. Fanya hivyo siku kadhaa kabla, maana anwani ya Mwanza yenye sanduku la posta huzua maswali. Barua ya benki yenye jina lako na mahali unapoishi husaidia.

Sasa hesabu. Bei inayotajwa dalali anapogonga nyundo si bei utakayolipa. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, ambayo hutofautiana kati ya mnada na mnada, na mara nyingi iko kati ya asilimia 20 na 25. Juu ya kamisheni hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza, asilimia 20. Tuseme nyundo imegonga pauni 300 kwa loti ya chupa mbili na kamisheni ni asilimia 25. Kamisheni ni pauni 75, kodi yake pauni 15, jumla 390. Ongeza kupelekewa na bima, tuseme 30, na sasa ni 420. Chupa uliyodhani ni ya pauni 150 imekuwa ya 210.

Ninachofanya ni kurudi nyuma. Naandika kiasi cha mwisho ambacho familia imekubali kutoa, tuseme pauni 400, naondoa 30 za kupeleka, kinachobaki nakigawa kwa 1.3. Napata 284, kwa hiyo dau langu linaishia 280. Namba hiyo naiandika kwenye karatasi na kumpa mke wangu kabla mnada haujaanza.

Soma pia maneno madogo ya loti. Zile zinazouzwa zikiwa bado ghalani chini ya forodha, ambazo huandikwa in bond, zina ushuru na kodi ambavyo havijalipwa. Utavilipa zikitoka. Kwa anayetaka kuziacha chupa hukohuko miaka mingi, hizo ndizo nzuri.

Siku ya mnada

London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi. Mnada unaoanza saa nne asubuhi kwao mwezi Januari, kwetu ni saa saba mchana. Umeme na intaneti vya mchana huo si vya kuvitegemea kwa asilimia mia, kwa hiyo mimi huacha dau la maandishi. Unawaandikia kiwango chako cha juu, nao wanakupandia dau kwa niaba yako, na kwa kawaida unashinda kwa hatua moja tu juu ya mshindani wa mwisho, hata kama kiwango chako kilikuwa juu zaidi. Ukipenda kufuatilia mwenyewe mtandaoni, angalia kama jukwaa linatoza ada yake ya ziada.

Utakuta mara nyingine mvinyo uleule umegawanywa katika loti kadhaa zinazofuatana. Kwenye minada mingine, anayeshinda loti ya kwanza hupewa nafasi ya kuchukua zinazofuata kwa bei hiyohiyo. Kama unataka chupa mbili tu, usijichoshe na mpangilio huo. Tafuta loti ndogo za chupa moja hadi tatu, ambazo wafanyabiashara hawazipendi sana kwa sababu wao wanataka masanduku kamili. Hapo ndipo mtu wa kawaida anapopata nafuu.

Dau likipita namba yako, acha. Mavuno ya 1963 na 1970 yanarudi mnadani mwaka hadi mwaka.

Kulipa, na safari ya kuja ziwani

Malipo hufanywa kwa kutuma fedha benki kwa benki. Lipa haraka, kwani minada mingi huanza kutoza ada ya kuhifadhi baada ya siku chache. Awepo mtu mzima unayemwamini Uingereza wa kupokea, kusaini, na kukagua kimo palepale akilinganisha na picha za katalogi.

Chupa moja ni mililita 750. Kanuni za forodha za Afrika Mashariki zinamruhusu abiria aliyetimiza miaka 18 kuingiza hadi lita mbili za mvinyo bila ushuru kwa matumizi yake mwenyewe. Chupa mbili ni lita moja na nusu, kwa hiyo zinapita. Ya tatu inavuka. Ukizidisha, itangaze mwenyewe kwa maofisa wa TRA na uwe na risiti ya mnada mkononi, kwani utalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18. Kwa upande wa ndege hakuna tatizo, kwa sababu vinywaji vyenye kilevi kisichozidi asilimia 24 havina kikomo cha usalama. Chupa ziende kwenye begi la kupakiwa, kila moja imefungwa kwa plastiki yenye mapovu, kisha ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha katikati ya nguo nzito.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, ipandishe ndege. Najua basi ni nafuu. Lakini buti ya basi linalopita Dodoma na Singida mchana kutwa hupata joto la kutosha kuharibu kwa siku moja kilichotunzwa miaka hamsini.

Kuitunza Mwanza

Mvinyo huu unataka nyuzi 12 hadi 15, giza, utulivu na unyevu kiasi. Sisi mchana tuna 28 hadi 30. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wetu una ubaridi kuliko wa pwani, lakini kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kunakosukuma kizibo na kukivuta. Niliwahi kuweka chupa juu ya kabati la jikoni kwa miezi miwili kabla ya Krismasi. Nilipoishusha, vidole vilinata. Kizibo kilikuwa kimepanda kama nusu sentimita.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nausema kwa nguvu zote: chupa unayotaka kuifungua baada ya miaka kumi, iache kwenye ghala la kitaalamu hukohuko Uingereza, lipa ada ya mwaka, na uilete mwaka wa sherehe. Mtoto aliyezaliwa 2011 au 2016 unaweza kumnunulia leo na chupa ikamsubiri huko hadi ahitimu chuo.

Kama lazima ikae kwako, nunua friji ndogo ya mvinyo yenye kuweka nyuzi 14, iunge na kidhibiti umeme, na umeme ukikatika usiufungue mlango. Kwa wiki chache tu, nyumba zetu za Isamilo na Bugando zina kitu cha thamani. Chumba cha stoo kilichojengwa kuegemea jabali, upande usiopigwa na jua, hakibadiliki sana kati ya mchana na usiku. Mimi nina kimoja hivyo. Hakifiki nyuzi 15 kamwe, ila kwa mwezi mmoja kinatosha. Laza chupa, na lile doa la chokaa litazame juu.

Kufungua

Baada ya safari, ipe wiki tatu au nne za kutulia. Siku mbili kabla ya sherehe isimamishe wima bila kuitikisa, mashapo yashuke kitakoni.

Kizibo cha miaka sitini hubomoka. Kifungulio cha kuzungusha kitaleta vumbi. Kile cha meno mawili bapa, kinachopenya kati ya kizibo na glasi, ni bora zaidi. Njia ya kale ni koleo la chuma. Fundi mmoja wa Nyakato alinitengenezea langu kwa kipimo cha shingo ya chupa. Unalipasha kwenye jiko la mkaa hadi liwe jekundu, unaikumbatia shingo chini ya kizibo kwa dakika moja, unaliondoa, kisha unazungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya barafu. Glasi inakatika kwa mstari safi na kizibo kinatoka kizima ndani ya kipande chake. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, na jaribu kwanza kwa chupa tupu mbili au tatu za kawaida.

Kumimina kunataka mkono usiotetemeka. Weka mshumaa au tochi ya simu nyuma ya shingo, mimina polepole, bila kusita, kwenye jagi la kioo lililosafishwa bila sabuni. Ukiona uzi mweusi unafika shingoni, simama hapohapo. Ukichelewa, chujio la kitambaa cha pamba kilichochemshwa litaokoa sehemu.

Kwa joto letu, weka jagi kwenye friji ya kawaida nusu saa ili ufike nyuzi 16 hadi 18. Glasi ziwe ndogo, na chupa moja itatosha watu kumi baada ya chakula. Korosho za kukaanga zinakaa nayo vizuri sana, na jibini kama ipo. Wazee waliozoea divai ya altare waambie mapema kwamba hii ina kilevi mara moja na nusu au zaidi ya mvinyo wa kawaida, na anayeendesha gari kurudi Nyegezi asionje. Mvinyo wa miaka sitini umalizeni usiku huohuo, kwani kesho utakuwa umechoka. Wa miaka ishirini utavumilia siku mbili au tatu kwenye friji.

Kizibo usikitupe. Kioshe, kikaushe kivulini siku tatu, na usome muhuri wake ukilinganisha na maelezo ya loti. Kwenye daftari andika namba ya loti, kimo ulichoahidiwa, kimo ulichokikuta, jina la aliyetia chupa na jinsi mvinyo ulivyokuwa, maana chupa ndugu za loti hiyo zitarudi mnadani siku moja. Cha baba mkwe kina 1963 inayosomeka vizuri ubavuni, na aliomba akiweke yeye.